Nani aliruhusu kuchekana?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ni aibu kutamka nahau za Kiingereza kwa lafudhi ya Kiswahili. Mimi najibu swali la jirani yake: nani aliruhusu kuchekana?

Nilikuwa kidato cha pili, siku ya mdahalo, na mada ilikuwa nafasi ya msichana katika elimu. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake aliuza kuni sokoni, alisimama akasema msichana lazima asome "by hook or by crook". Kinywani mwake ikatoka "bai huuki o bai kuruuki". Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye akairudia huku akibana pua, kelele zikazidi. Yule binti alikuwa ameshika karatasi ya daftari, hoja zake zimeandikwa kwa penseli. Akaikunja, akaikunja tena, akaketi. Hoja ambayo hakuifikia, aliniambia baadaye, ilikuwa saa wanazopoteza wasichana porini wakitafuta kuni.

Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nahau hiyo maana yake ni kulipata jambo kwa kila njia, ya halali au isiyo halali. Imo tayari katika maandishi ya karne ya 14, yakiwemo ya John Wycliffe, mwanatheolojia wa Uingereza, kwa hiyo wanaodai ilianza na Cromwell, jemadari wa Kiingereza aliyeingia Ireland na jeshi mwaka 1649, wamechelewa mno. Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya kuni zenyewe: mnyonge wa Uingereza aliruhusiwa kuchukua msituni matawi makavu aliyoweza kuyakata kwa mundu ("hook") au kuyavuta kwa fimbo ya mchungaji yenye kota ("crook"). Mle ukumbini, aliyezoea kuvuta tawi kavu kwa upembo alikuwa yeye.

Nilikusudia kuandika kwamba matamshi si kitu. Siwezi. Irabu ya "hook" ni fupi kama ya "book", mwishoni hakuna i, na mkazo uko kwenye "hook" na "crook", mengine yanapita mbio. Dakika chache zingetosha kumwonyesha. Kweli, Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, wapo wazee wanaotamka "book" kwa irabu ndefu na hawazomewi kwao, lakini kijana wetu anayeomba kazi hana kinga hiyo.

Basi matamshi yasahihishwe, tena shule ya msingi, na baada ya mtoto kumaliza kusema. Kwa mtu mzima anayezungumza kwenye mkutano wa kijiji na ameeleweka, sioni haja.