Jibu: Mtoto kameza sarafu au betri?
Pole, dada. Umeuliza kama usubiri alichomeza mtoto kitoke na choo. Usisubiri, maana hujui kameza sarafu au ile betri ndogo ya duara ya rimoti ya gari. Nendeni sasa hivi apigwe eksirei, kuanzia shingoni hadi tumboni. Betri ikikwama kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu, hata kama mtoto bado anacheza. Usimtapishe.

Waombe picha ya mbele na ya ubavuni. Kwa mbele, betri huonyesha duara ndani ya duara. Sarafu huwa duara moja tu. Ubavuni, ukingo wa betri una kama ngazi ndogo.

Plastiki na miba ya samaki mara nyingi haionekani (wengi hudhani eksirei huona kila kitu). Picha ikitoka safi na bado anatokwa mate au anakataa kumeza, mwambie daktari. Huenda akahitaji kuchunguzwa kwa kamera ndogo inayopitishwa kooni.