Maswali ya Wasomaji: Kupandikiza Nywele, kwa Ukanda au Kimoja Kimoja?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kuhusu upasuaji wa kupandikiza nywele. Tumechagua tano na kuzifupisha.

Nina miaka 41. Panja zimepanda na nywele za mbele zimebaki chache. Daktari mmoja anataka kunikata ukanda wa ngozi kisogoni. Wa pili anasema hiyo ni njia ya kizamani na kwamba FUE, ya kutoa kimoja kimoja, haiachi kovu. Kliniki ya tatu inasema DHI, ya kupanda kwa kalamu, inazishinda zote mbili. Nimsikilize nani?

Aliyekwambia kuna njia isiyoacha kovu, mwondoe kwenye orodha yako. Kila mahali ngozi ilipokatwa hadi ndani hubaki kovu. Swali ni kovu la umbo gani, na litaonekana lini.

Njia zote tatu zinahamisha vinyweleo kutoka kisogoni na juu ya masikio kwenda mbele. Norman Orentreich alionyesha mwaka 1959 kwamba kinyweleo kilichohamishwa huendelea na tabia ya kule kilikotoka, ndiyo maana nywele za kisogo hudumu hata zikipandwa kwenye upara. Vinyweleo hivyo havikai kimoja kimoja. Vinaota kwa vikundi vya nywele 1 hadi 4, na kila kikundi kikishatolewa huitwa kipandikizi.

Kwenye njia ya ukanda, inayoandikwa FUT, daktari hukata kipande cha ngozi chenye upana wa kama sentimita 1 na urefu wa sentimita 15 hadi 25, kisha hushona. Wasaidizi hukichambua chini ya hadubini hadi kila kikundi kibaki peke yake. Kwa kichwa chenye vikundi 75 kwa sentimita moja ya mraba, ukanda wa sentimita 20 kwa 1 unatoa vipandikizi kama 1,500. Faida yake kubwa ni kwamba anayechambua anauona mzizi kwa macho, hivyo anakata vichache, na kila kipandikizi hubaki na mafuta kidogo ya kukilinda kisikauke. Hasara ni kovu la mstari. Likishonwa vizuri huwa na upana wa milimita 1 hadi 3, lakini ukanda ukikatwa mpana kupita ulegevu wa ngozi, mshono huvutwa na kovu hutanuka. Ndiyo maana daktari makini huishika ngozi ya kisogo na kuisukuma juu na chini kabla ya kuamua upana. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, kazi nzito husubiri wiki 4 hadi 6, na ganzi ya ngozi juu ya mshono inaweza kudumu miezi kadhaa.

Kwenye FUE daktari hunyoa kisogo, kisha hutumia kibomba chenye makali ya duara, kipenyo cha milimita 0.8 hadi 1, kukizunguka kila kikundi na kukichomoa. Kinachobaki ni vidoadoa vyeupe vilivyotawanyika badala ya mstari mmoja. Kazi hii inategemea mkono kwa kiasi ambacho matangazo hayasemi. Kibomba kinaingia gizani: unywele unaonekana umelala upande fulani juu ya ngozi, chini yake pembe inabadilika, na mkono usiofuata pembe hiyo hukata mzizi katikati. Mkono mzuri hupoteza chini ya vipandikizi 5 katika kila 100. Mkono mbaya hupoteza mara kadhaa ya hapo, na mgonjwa hajui hadi mwaka mmoja baadaye, nywele zisipoota. Tena kipandikizi cha FUE huwa chembamba, hakina mafuta ya kutosha kukilinda, hivyo hufa haraka kikikauka au kikibanwa vibaya na koleo.

DHI ni FUE kwa upande wa kutoa. Tofauti iko kwenye kupanda: badala ya kutoboa matundu kwanza na kuingiza vipandikizi baadaye, kila kimoja hupakiwa ndani ya kalamu yenye sindano inayotoboa na kupanda kwa pamoja. Kalamu husaidia sana pale unapopanda katikati ya nywele ambazo bado zipo, na mzizi haushikwishikwi na koleo. Ila kazi ni ya polepole, na mtu asiyeizoea hupanda kwa pembe iliyosimama mno, nywele zikatokea kama za brashi. Na zile blade za yakuti zinazotangazwa kama njia ya nne? Ni visu tu vya kutobolea matundu.

Sasa wewe. Jiulize unanyoa fupi kiasi gani. Kama unapenda nywele za milimita chache, mstari wa ukanda utaonekana, na FUE ndiyo yako. Kama unaacha nywele zifike sentimita 2 au zaidi na upara wako bado unaendelea, sisi tungeegemea ukanda kwanza, kwa sababu unatoa vipandikizi vingi kutoka eneo dogo na kuiacha sehemu kubwa ya kisogo haijaguswa. Ukihitaji tena miaka ijayo, FUE itaongeza juu yake. Kisogo ni akiba isiyowekwa tena: watu wengi wana vipandikizi 4,000 hadi 6,000 vinavyoweza kutolewa maisha yao yote bila kisogo kuonekana kimeliwa.

Kabla ya kuchagua herufi za FUT au FUE, muulize kila daktari kati ya hao watatu maswali haya: nani atachoma ganzi, nani atatoa, nani atatoboa matundu ya mbele, nani atapanda? Kutoa na kutoboa ni upasuaji, na anapaswa kuufanya daktari mwenyewe. Kliniki ambayo daktari anachora mstari kwa kalamu ya wino kisha anaondoka, hata iwe na mashine ya aina gani, ikimbie.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, nywele zangu ni za kipilipili. Kusuka kwa kubana kwa miaka mingi kumeniachia upara kando ya paji. Nikitoboa sikio hupata kovu linalovimba. Je, naweza kupandikiza?

Dada, barua yako ina mambo mawili yanayobadilisha kila kitu, na umefanya vyema kuyataja yote.

La kwanza ni umbo la nywele. Nywele za kipilipili hazijipindi juu ya ngozi tu. Mzizi wenyewe umepinda chini kama upinde. Kibomba kilichonyooka kinachoshuka wima hukata katikati ya huo mpindo. Daktari anayezifahamu hutumia kibomba kipana kidogo, karibu milimita 1 au zaidi, hukiingiza kwa kina kifupi, na huanza na vichache vya majaribio: hutoa 10 au 20, huviweka chini ya hadubini na kuhesabu vilivyokatika kabla ya kuendelea. Ombi la kuona hesabu hiyo ni haki yako. Habari njema ni kwamba nywele za aina yako hufunika eneo kubwa zaidi ya zilizonyooka, kwa hiyo vipandikizi vichache hutosha. Kalamu za kupandia haziwafai sana watu wenye mpindo mkali, kwa sababu mzizi hubanwa ndani ya sindano.

La pili ni keloidi, yaani hilo kovu linalokua kupita jeraha lenyewe. Mtu mwenye historia yako akikatwa ukanda anaweza kupata keloidi ndefu kisogoni, nayo kuiondoa ni vigumu kuliko kuishi na upara wa kando. Hata matundu ya FUE si salama kwa uhakika. Ushauri wetu ni jaribio dogo: vipandikizi visivyozidi 20 kutoka mahali pa siri nyuma ya sikio, vipandwe kando ya paji, kisha usubiri. Miezi 3 ni ya chini kabisa. Keloidi zinaweza kuchelewa kujitokeza, kwa hiyo mwaka ni bora. Daktari anayesema jaribio halina haja anaharakisha kwa faida yake.

Lakini kabla ya hayo yote, muone daktari wa ngozi. Upara wa kusuka huanzia kando. Ukiona pia nywele zinapungua katikati ya utosi, zikiambatana na muwasho, maumivu au ngozi inayong'aa, huenda kuna ugonjwa unaoua vinyweleo na kuacha kovu ndani. Kipande cha ngozi cha milimita 4 kikipimwa maabara hutoa jibu. Kupandikiza juu ya ugonjwa ulio hai ni kuupelekea vinyweleo vipya uviue. Hungojewa hadi utulie kwa mwaka mmoja au miwili. Kama ni misuko pekee, acha kabisa kubana kwa miezi 6 hadi 12 na uzungumze na daktari kuhusu minoksidili, dawa ya kuchochea nywele kuota. Baadhi ya vinyweleo vilivyochoka huamka. Visivyoamka ndivyo vya kupandikiziwa.

Shikamoo daktari. Nina miaka 23, panja zimeanza kupanda. Nataka mstari wa nywele urudi pale ulipokuwa nikiwa na miaka 16. Nimeambiwa inawezekana kwa siku moja.

Marahaba. Kiufundi inawezekana, na hatukushauri.

Kushusha mstari kwa sentimita 1 tu, kwenye upana wa sentimita 15, ni eneo la sentimita 15 za mraba. Ukipanda vikundi 40 kwa kila sentimita ya mraba, umetumia vipandikizi 600 kwa mstari tu. Ukiwa na miaka 23 hakuna anayeweza kuona upara wako utaishia wapi. Zile 600 hazitadondoka, lakini nywele zilizo nyuma yake zinaweza kuendelea kudondoka, na utabaki na ukanda wa nywele mbele, uwazi nyuma yake, na kisogo kilichokwisha kutolewa. Hali hiyo huwa ngumu sana kurekebisha.

Anza na dawa kwa angalau miezi 12: minoksidili ya kupaka, na ukijadiliana na daktari, finasteridi miligramu 1 kwa siku. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuathiri hisia kwa baadhi ya wanaume, na hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo kila daktari utakayemwona aambiwe unaitumia. Ukifika wakati wa kupandikiza, mstari wa mtu mzima hukaa sentimita 7 hadi 9 juu ya katikati ya nyusi, panja zikiachwa na uwazi wake, na safu ya kwanza hupandwa vikundi vya unywele mmoja mmoja. Ukipandwa vikundi vya nywele 3 mbele, kila mtu atajua.

Kliniki moja imeniahidi vipandikizi 5,000 kwa siku moja, kwa FUE. Nyingine imesema 2,000. Ya kwanza si bora?

Chukua saa. Vipandikizi 2,000 vya FUE, kutoa na kupanda, huchukua saa 6 hadi 8 kwa timu nzuri. Vipandikizi 5,000 kwa siku moja maana yake ni watu kadhaa wakitoboa kichwa chako kwa zamu au kwa pamoja, na vipandikizi vya asubuhi vikingoja hadi usiku. Hata vikikaa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa, kila saa inayopita nje ya mwili inavipunguzia uhai, na vikiachwa juu ya glavu dakika chache tu vinakauka.

Ganzi nayo ina kikomo. Lidokaini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 anaishia karibu miligramu 490, yaani mililita 49 za dawa ya asilimia 1. Siku ndefu hutaka kuongeza ganzi tena na tena, na lidokaini ikizidi huleta kizunguzungu, masikio kuvuma, degedege, hata moyo kupiga vibaya.

Kisha kuna kisogo chenyewe. Kwa kikao kimoja tunapenda kuona kimetolewa kikundi 1 katika kila 4 au 5, kwa kutawanya. Anayetafuta 5,000 huishia kutoa kwa kubananisha, au kwenda juu na kushuka chini kwenye shingo, ambako nywele hazina uhakika wa kudumu. Huko mbele nako, matundu yakisongamana mno, damu haifiki vizuri na ngozi inaweza kufa, hasa kwa wavutaji sigara na wenye kisukari. Chukua 2,000.

Nilipandikizwa wiki 3 zilizopita na nywele mpya zinadondoka kila nikioga. Je, nimetapeliwa?

Hapana. Kati ya wiki ya 2 na ya 6 nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, mizizi ikibaki ndani imepumzika. Ukiutazama unywele uliodondoka unaweza kuona kijiuvimbe cheupe mwishoni. Hicho si mzizi, na baada ya siku ya 10 kipandikizi hakitoki tena kwa kuoga. Nywele za zamani za jirani zinaweza kudondoka pia kwa mshtuko wa upasuaji, nazo nyingi hurudi. Tegemea nywele nyembamba kuanzia mwezi wa 3 au 4, kama nusu ya matokeo mwezi wa 6, na picha kamili mwezi wa 12. Utosi huchelewa hadi mwezi wa 18. Vipele vichache mwezi wa 2 hadi wa 4 ni nywele zinazotafuta njia ya kutoka, visikamuliwe.

Rudi kwa daktari bila kungoja ukiona usaha, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au doa la ngozi lililogeuka jeusi au kijivu na kukakamaa.