Geuza jani kwanza: kwa mabwana na mabibi shamba wapya

Ndugu yangu uliyepangiwa kijiji kwa mara ya kwanza, ukikuta shamba la mihogo limejaa inzi weupe usikimbilie bomba la dawa. Geuza jani.

Chini yake huenda yupo mdudu kibibi anayewala inzi hao. Ukisikia jina hilo, macho yanatafuta yule mwekundu mwenye madoa. Huyo mara nyingi anafuata vidukari. Mla inzi weupe kwenye mihogo, jamii ya Serangium, ni kijidudu cha mviringo, cheusi au cha kahawia iliyokolea, kadiri ya milimita 2 tu. Nilizunguka mashambani msimu mzima bila kumwona, kwa sababu nilitazama majani ya juu peke yake. Inzi wazima na mayai yao wako huko juu, ndiyo maana tunawahesabu kwenye majani matano ya kileleni, asubuhi kabla jua halijawa kali. Watoto wao, bapa kama magamba yaliyobandikwa, wako chini zaidi kwenye majani yaliyokomaa, na huko ndiko nilikoanza kumkuta.

Tembea na lenzi ya mkononi. Ganda tupu la mtoto wa inzi lenye tundu la duara, ametoka nyigu mdogo sana aliyekulia ndani ya inzi. Naye ni rafiki. Lenye mpasuko wa herufi T, inzi mwenyewe amekomaa akaruka. Mkulima naye mpe lenzi atazame, hasa lava wa mdudu kibibi: hana mbawa, hafanani na mzazi wake, na nimeona wengi wakipondwa kwa vidole wakidhaniwa waharibifu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimshauri mzee mmoja apige dawa. Wiki hiyo majani yalikuwa safi, nikasifiwa. Mwezi haujapita inzi wakarudi wengi kuliko mwanzo, majani ya chini yakawa meusi kwa ukungu unaoota kwenye utomvu wao mtamu, na mdudu kibibi sikumwona hata mmoja. Iliniuma sana.

Ila usimwahidi mkulima kwamba mdudu huyu atazuia batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa ya mihogo yanayoenezwa na inzi weupe. Anapunguza idadi ya inzi, lakini inzi anaweza kuambukiza kabla hajaliwa. Kinga ya magonjwa hayo ni pingili safi, aina zinazostahimili, na kung'oa mapema mashina yanayoonyesha dalili.

Tazama na sisimizi. Wakipanda shina kwa wingi wanafuata ule utomvu, na huwafukuza walaji wa inzi. Andika hilo pia kwenye daftari lako.