Usihamishe Kopo Kabla Halijaonja Masika

Kopo langu la kwanza la jiokashi, mchezo wa kuficha kopo ili wengine walitafute kwa namba za GPS zinazoonyesha mahali lilipo, nililihamisha baada ya miezi minne, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Nilikuwa nimelificha kwenye ufa wa mwamba, vilima vya mawe upande wa barabara ya Hombolo, hapa Dodoma. Kila Jumapili nafungua simu kuangalia kama kuna aliyelipata. Kimya. Nikajiambia mahali penyewe hapafai, nikalitoa, nikalipeleka kwenye mbuyu mmoja karibu kilomita mbili kutoka pale. Jioni nakaa kubadilisha namba za GPS, mfumo wa tovuti ya mchezo ukanikatalia. Mwenye kopo anaruhusiwa kuzisogeza mwenyewe mita 161 tu. Ukizidisha hapo, hilo ni kopo jipya, lifunguliwe ukurasa wake.

Nikasema nitalimaliza wiki ijayo. Siku mbili baadaye dada mmoja aliyekuja Dodoma kwa mkutano alikwea ule mwamba saa nane mchana, akatafuta zaidi ya saa nzima, akaandika: "Sikulipata." Mgeni wangu wa kwanza ndani ya miezi minne, nami nilikuwa nimemwachia ufa mtupu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: jiokashi ni kopo lililofichwa, ndani yake daftari dogo na kalamu. Mfichaji anatangaza namba za GPS kwenye intaneti, mtafutaji anazifuata kwa simu, akilipata anaandika jina na tarehe, kisha analirudisha palepale. Ulianzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali yao kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa watu wa kawaida. Dave Ulmer alificha ndoo porini, na miongoni mwa vitu alivyotia ndani ni kopo la maharage. Hilo la maharage usiige. Chakula hakiruhusiwi siku hizi, na hapa kwetu siafu wangelifikia kabla ya mtafutaji.

Sasa, likae muda gani? Kanuni inataka uliweke ukikusudia lidumu walau miezi mitatu. Mimi nasema mwaka mzima, na sababu yangu ni Dodoma yenyewe. Wachezaji wa hapa ni wa kuhesabu. Wengi wa watakaolitafuta ni wapita njia: mtu wa semina, mgeni wa Bunge, familia iliyoshuka kwenye treni ya umeme kwa siku mbili. Kwenye miji mikubwa ya Ulaya kopo likikaa wiki bila mtu, mwenyewe ana haki ya kushtuka. Hapa miezi minne ya kimya haikuambii lolote kuhusu mahali ulipochagua.

Kinachokuambia ni mvua. Tuna msimu mmoja tu, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na ikija haibembelezi. Ufa ulioonekana mkavu mwezi wa nane unaweza kuwa ndiyo njia ya maji yote ya kilima. Kopo la pili niliweka mwezi wa saba, nikalisifia sana. Baada ya mvua kubwa ya kwanza nikalikuta mita kumi chini, limezama kwenye mchanga wa korongo. Kiangazi nacho kina mtihani wake. Majani yanakauka, upepo unafagia, na kopo ulilodhani limejificha linang'aa kama sahani juani. Jua lenyewe linaupasua mfuniko wa plastiki nafuu. Karatasi ikigusana na udongo, mchwa hawaachi hata herufi. Ndiyo maana ukilihamisha kabla halijaona misimu yote miwili, unahamisha kitu usichokijua bado.

Kulikagua ni jambo jingine kabisa. Nenda baada ya wiki mbili, nenda tena mvua ya kwanza ikishanyesha, nenda masika yakiisha. Daftari likilowa, badilisha. Kopo likiibwa mara moja, weka lingine palepale. Mtoto mchungaji aliyeliokota huenda asipite tena njia hiyo. Kule Kansas lipo moja liitwalo Mingo, liliwekwa Mei 2000, limewahi kupotea na kurudishiwa lingine, na watu bado wanalifuata.

Sababu za kuhama zipo, lakini ni chache. Likiibwa mara ya pili mahali palepale, pameshajulikana. Ukikuta vigingi vya wapima ardhi, usingoje katapila. Mji huu unakua kwa kasi, na kichaka cha mwaka jana leo ni msingi wa nyumba ya mtu. Sababu ya tatu ni wenyeji kutolitaka, na hapa nirudi kwenye ule mbuyu.

Nilirudi kulichukua kopo langu nikamkuta mzee mmoja amekaa kivulini na mbuzi wake, kopo liko pembeni yake kwenye jiwe. Hakuligusa kwa mkono, alilitoa kwa fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ni chako?"

Nikakubali. Akaniuliza mle kuna majina ya nani. Hapo ndipo nilipojiona kwa macho yake: kijana asiyejulikana, kopo limefungwa kwa utepe mweusi, chini ya mbuyu, ndani karatasi ya kuandikia majina ya watu. Mganga gani angefanya tofauti? Nilifungua, nikamwonyesha karatasi haina kitu, nikaeleza mchezo mwanzo mpaka mwisho. Alicheka, kisha akasema, "Mwanangu, ungeanza kwa mwenyekiti."

Tangu hapo naanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na kwa mwenye shamba kama lipo. Mibuyu nimeiacha. Natumia kopo linaloonyesha vilivyomo, na juu nabandika maneno "Huu ni mchezo, fungua uone." Masanduku ya chuma ya risasi ambayo wachezaji wa Marekani wanayapenda, mimi siwezi kuyaweka kwenye makao makuu ya nchi. Wala usifiche kwenye miamba yenye michoro ya Kolo, kule Kondoa. Ule ni urithi wa dunia tangu 2006 na hauhitaji vidole vyetu.

Ikibidi kuhamisha, fuata mpangilio huu: kwanza funga ukurasa kwa muda, ndipo uende kutoa kopo. Mahali papya chukua namba mara kadhaa, ikiwezekana siku mbili tofauti, maana karibu na miamba mikubwa mawimbi yanagonga na kurudi, simu inakudanganya kwa mita nyingi. Ukisharidhika, fungua ukurasa. Kumbuka wengine wamehifadhi namba za zamani kwenye simu wasitumie bando njiani, kwa hiyo acha siku chache zipite kati ya kufunga na kutoa.

Lile la Hombolo nililirudisha kwenye ufa wake wiki ileile, nikamwandikia yule dada kumwomba radhi. Limeshapita masika matatu na lina majina kumi na moja. La kwanza ni lake. Alirudi Dodoma kwa mkutano mwingine, safari hii akapanda saa kumi na mbili asubuhi.