Elnino ikija, visiwa vyote vinapata mvua?

Hapana ndugu yangu, umeuliza kama elnino maana yake mvua kubwa kwa visiwa vyote, inategemea kisiwa kiko wapi. Elnino ni maji ya Pasifiki ya kati na mashariki kupata joto kuliko kawaida, mawingu yanahamia huko, kwa hiyo Kiribati wanaloa wakati Papua New Guinea na Fiji mara nyingi wanakaukiwa. Ikigeuka kuwa lanina, yaani maji hayo hayo yakipoa kuliko kawaida, mambo yanapinduka, mwaka 2011 Tuvalu walitangaza hali ya dharura kabisa sababu ya ukame, na pale watu wanategemea maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati, tenki likikauka hakuna mto wa kukimbilia, inaumiza sana hii.

Sasa sisi wa Unguja na Pemba usiangalie Pasifiki peke yake. Angalia Bahari ya Hindi, upande wetu ukipata joto na upande wa Indonesia ukapoa basi vuli inakuwa nzito, 2019 elnino haikuwa na nguvu yoyote ya maana lakini Oktoba mpaka Desemba ilinyesha vibaya mno Afrika Mashariki yote. Elnino na hali hiyo ya Bahari ya Hindi vikikutana kama 1997 ndo balaa.

Masika hayafuati sana mambo ya elnino, ni magumu zaidi kuyatabiri.

Kama una karafuu za kuanika fuatilia utabiri wa vuli wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, halafu usiishie hapo, soma na ule wa siku kumi kumi.