Uliza Ujibiwe: Lile tunda lenye tobo si tunda

Wasomaji wapenzi, mwezi huu barua nne zimeangukia jambo moja bila wenyewe kujuana, nundu ambazo wadudu wanaifanya mimea iwajengee, tatu za Lamu na moja ya huku kwetu Malindi, basi nimeziweka pamoja. Zile za mchwa zitangoja mwezi ujao, msinune.

Assalaam alaykum maalim. Nilipojifungua, shangazi yangu aliniletea vitu kwenye kikaratasi kutoka duka la mitishamba, mviringo kama gololi, vigumu ajabu, rangi ya kijivu na vina vichunusi kwa nje, akasema ni matunda ya Shamu nivichemshe nijikandie. Kimoja kina katobo kama kametobolewa na sindano, nikakivunja kwa nyundo, ndani hamna kokwa, kuna kijishimo na unga unga tu. Mume wangu ananicheka ati nimeuziwa matunda mabovu. Kwani hili ni tunda la mti gani na mbegu imekwenda wapi? – Mama K., Langoni, Lamu

Alaykum salaam mama K., na hongera ya mtoto. Mumeo amekosea, shangazi naye amekosea lakini kakaribia, manake mti wenyewe ni wa huko Shamu kweli. Ni mwaloni, aina ambayo wataalamu wanaiita Quercus infectoria, unaota Uturuki, Syria, Iraq mpaka Iran, kwetu huku haupo. Ila tunda la mwaloni liko vingine kabisa, lina kikofia chake kichwani. Hicho ulichokivunja ni uvimbe wa mti, ndio tunaouita nundu. Kuna kinyigu kidogo, jike, anakuja anadunga chipukizi la mwaloni anatia yai, yai likianguliwa yule mtoto anatoa majimaji yanayouchezea mti akili, mti unaanza kumjengea chumba na chakula humo humo ukutani, yaani anakula nyumba yake kutoka ndani mpaka awe mkubwa, kisha anatoboa anakwenda zake. Hako katobo ndio mlango aliotokea, na hako kashimo ndio chumba alicholala. Kwa hivyo mbegu haikwenda popote, haikuwepo.

Waarabu wanaviita afs, Wahindi majuphal, na ni biashara ya zamani sana. Mali yake ni tanini, karibu nusu ya uzito au zaidi, na tanini ndiyo inayotengeneza ngozi za viatu, ndiyo inayotia watu ukakasi wakinywa chai iliyolala. Na ndiyo iliyoandika nusu ya vitabu vya kale vya Ulaya na Mashariki ya Kati: unaloweka hivi vitu, unatia salfeti ya chuma na gundi ya mgunga, unapata wino. Kinachonifurahisha ni kwamba wino huo ukiandika unatoka hafifu, ukipata hewa ndio unakuwa mweusi, na ukizidi chuma miaka ikipita unaila karatasi.

Sasa hapa mumeo nimpe haki yake kidogo. Wafanyabiashara wa hii kitu wanapanga madaraja, na vyenye tobo ndio vya bei ya chini kwa sababu mwenyewe ashatoka na tanini imepungua, vile vizito vya kibuluu au kijani kiza visivyo na tobo ndio daraja la kwanza. Hukuuziwa tunda bovu, umeuziwa daraja la pili. Kuhusu kujikandia, mimi nimesomea mimea na wadudu sikusomea wazazi, tanini hukaza ngozi hilo najua, lakini mama aliyejifungua majuzi na amuulize nesi wa kliniki kwanza.

Maalim habari. Nina shamba upande wa Gede. Majani ya miembe yangu, ngowe na apo, yana vipele kama mtu mwenye tetekuwanga, na mikaratusi niliyopanda ya fito nayo majani yana nundu kwenye ule mshipa wa katikati na vichipukizi vimejikunja. Jirani ameniambia mdudu ni mmoja nipige dawa moja nimalize. Ni kweli? – Mkulima, Malindi

Si kweli kaka, na usione haya kuuliza, hata mimi niliwahi kusimama mbele ya wakulima nikasema kwa sauti kuu kwamba vipele vya mwembe ni kazi ya nyigu, mzee mmoja akakaa kimya, kikao kilipoisha akaniletea jani lake kwenye chupa na kijidudu ndani. Nikakitia kwenye lenzi nikakihesabu mbawa: mbili. Nyigu ana mbawa nne, nzi ana mbili. Nikaenda nyumbani kimya kimya.

Vipele vya mwembe kwa kawaida vinatokana na vijinzi vidogo mno vya familia ya Cecidomyiidae, jenasi Procontarinia. Hao wako na mbu na nainzi, oda nyingine kabisa, yaani kundi kubwa jingine la wadudu. Wa mkaratusi huyo ni nyigu kweli, anaitwa Leptocybe invasa, asili yake Australia ambako mikaratusi inatoka, akaonekana kwanza nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, Kenya alionekana 2002 upande wa magharibi, na jina lenyewe la kitaalamu kapewa 2004, yaani alikuwa ashafika kwetu hana hata jina. Urefu wake ni kama milimita moja hivi. Lakini hata huyu si ndugu wa karibu wa yule nyigu wa mama K., yeye ni wa familia ya Eulophidae. Sasa unaona, nundu tatu, koo tatu, halafu jirani anataka dawa moja.

Na dawa ya kupuliza haimfikii mdudu aliyejifungia ndani ya nundu, utamaliza pesa na kuua nyuki wa watu. Kata matawi yaliyozidi uyachome, na miche ya mkaratusi ikiwa na nundu kwenye kitalu usiipokee hata ukipewa bure.

Shikamoo maalim. Mwalimu wetu wa bayo alisema viumbe wanapangwa kwa jinsi wanavyofanana. Sasa hawa nyigu wa nundu wanapangwaje kama kinachoonekana ni nundu na nyigu mwenyewe haonekani? Na kwa nini majina yao nikitafuta kwenye simu kila mahali yako tofauti? – Kidato cha tatu, Lamu

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niziweke barua hizi pamoja, kaa vizuri.

Anza juu ushuke. Nyuki, siafu, mavu, wote hao ni oda moja, Hymenoptera. Ndani yake kuna familia ya Cynipidae, ndio nyigu wa nundu wenyewe, kama spishi 1,400 hivi zinazojulikana, na kubwa la hao, karibu 1,000, wamejifunga na mwaloni tu hawataki mti mwingine. Ndio maana huku kwetu huwasikii, kusini mwa Sahara mwaloni wa asili hakuna, wachache waliojulikana wako Afrika Kusini kwenye miti mingine. Kumjua mmoja unatazama mwili: mgongo umenyanyuka kama nundu ya ng'ombe, tumbo limebanwa kwa pembeni kama samaki changu, bawa la mbele lina mishipa michache na halina lile doa jeusi la ukingoni ambalo nyigu wengi wanalo. Chini ya familia kuna daraja linaloitwa kabila, kabila la kitaalamu hilo, halipigi kura, alafu jenasi, alafu spishi.

Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mpango wa kuwapa viumbe majina ya kitaalamu, alipoanza mwaka 1758 wengi wa hawa aliwatia kwenye jina moja, Cynips. Waliomfuata wakaanza kuwagawa, na njia rahisi ikawa kutazama nundu, manake nundu zina sura zake: nyingine gololi, nyingine kifungo cha shati, nyingine kama zabibu, nyingine zina manyoya. Ikaonekana mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mjerumani mmoja daktari, Hermann Adler, aliyekuwa akikaa Schleswig, alikuwa na kichaa cha kufuga hawa wadudu kwenye vimche vya mwaloni. Anawachukua nyigu waliotoka kwenye nundu za vifungo, majike matupu hakuna dume hata mmoja, anawaacha watage. Nundu zilizoota zikawa si vifungo, zikawa zabibu! Na kwenye zabibu wakatoka madume na majike, ambao vitabu vilikuwa vishawapa jina lingine na jenasi nyingine kabisa. Akawafuga hao nao, wakatoa vifungo. Kufikia 1881 akawa ameshaonyesha jambo hilo kwa aina nyingi, kwamba hawa wanapokezana, kizazi kimoja majike peke yao, kinachofuata jike na dume, na kila kizazi kina nundu yake na hata mwili wake. Bibi na mjukuu wanafanana, mama katikati ndiye anayeonekana mgeni. Kwa hivyo watu walikuwa wamempa mama jina na mtoto jina kama watu wasiojuana, na ikabidi majina yaunganishwe, mpaka leo bado kuna majike ambayo wenzao wa kizazi cha pili hawajapatikana. Hiyo ni sababu ya kwanza ya simu yako kukuchanganya.

Ya pili ni wenyewe wataalamu. Mmarekani Alfred Kinsey, huyu huyu aliyekuja kuwa maarufu dunia nzima 1948 na 1953 kwa kuhoji watu mambo ya chumbani, kazi yake ya kwanza miaka na miaka ilikuwa nyigu wa nundu. Alizunguka Marekani na Meksiko akikusanya, na alipokufa 1956 mkusanyo wake uliokwenda makumbusho ya New York ulihesabiwa kwa mamilioni, si maelfu. Kila nyigu anampima. Mtu akipima sana anaona tofauti nyingi, na akiona tofauti nyingi anaona spishi nyingi, na ndivyo ilivyokuwa, alitoa majina mapya mengi na waliokuja nyuma yake baadhi wameyaunganisha tena. Mimi simlaumu, kazi yake nampenda nayo, lakini ni kama yule mtu anayekwambia ngowe ya shamba hili na ngowe ya shamba lile ni miembe miwili.

Sasa nije kwa mwalimu wako, na mwambie kwa adabu. Kufanana ni pa kuanzia tu, kinachotafutwa ni nasaba. Humu Lamu watu wawili wanaweza kufanana sura na kazi moja, wote manahodha, na kila mmoja ana mlango wake. Ndani ya Cynipidae kuna nyigu wasiojenga nundu, wao wanatia mayai kwenye nundu ya mwenzao na watoto wao wanakula humo, wapangaji wasiolipa kodi, mara nyingine mwenye nyumba anafia ndani. Zamani wapangaji wote wakatiwa kabila moja kwa kuwa tabia ni moja. Vinasaba vilipokuja kusomwa ikaonekana si wa babu mmoja, tabia hiyo imezuka zaidi ya mara moja. Vile vile kulikuwa na kabila la Aylacini, hilo lilikuwa kama ile droo ya jikoni, kila nyigu wa majani na magugu aliyekosa pa kuwekwa anatupwa humo. Mwaka 2015 familia ikapangwa upya kwa kabila 12, droo ikamwagwa, Aylacini wakabaki wale wa mimea jamii ya afyuni tu na wengine wakapewa makabila yao. Na miaka hii ya karibuni wale wa mawaridi wametolewa kabisa kwenye familia, wakapewa yao wenyewe, Diplolepididae. Kitabu chako cha shule kikiwa cha zamani kitakwambia ni kabila, simu itakwambia ni familia, na wote wawili hawakudanganyi, wameandika siku tofauti.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, si lazima mwaloni. Chukua majani yenye nundu, tia kwenye chupa pana, funga kitambaa chepesi juu, weka kivulini na uandike tarehe. Lakini nakuonya, atakayetoka wa kwanza si lazima awe mjenzi, anaweza kuwa mpangaji, au nyigu mwingine aliyemla mjenzi. Hapo ndipo wengi tunapoandika jina lisilo lake. Anza na mbawa, hesabu.

Maalim, nyigu wa nundu anauma? Wanangu wanachezea haya majani. – Mama wa Shela

Hapana. Ile sindano yake ni ya kutagia, haina kazi na ngozi ya mtu. Wanaowauma wanao hapo chini ya makuti ni mavu, na barua ya mavu niliijibu mwezi wa pili.