Kumcheka aliyeanguka si lazima iwe dharau

Je, tunapomcheka mtu aliyeanguka, tunamdharau tu? Hapana, si dharau tu. Hoja kwamba tunamcheka anayeanguka kwa kujiona bora kuliko yeye ni ya mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, karne ya 17. Hoja hiyo inaieleza kejeli vizuri, ila mchezo wa maneno unaishinda: pale hakuna anayedhalilishwa, na bado watu wanavunjika mbavu.

Mtazame mchekeshaji anayeingia jukwaani kwa madaha, kifua mbele, suti imenyooka, kisha anakosea kiti na kujikuta sakafuni. Kinachochekesha ni yale madaha. Angeingia akichechemea, nani angecheka? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliligusa hilo mwaka 1790: unatarajia jambo kubwa, ghafla linayeyuka.

Mimi naegemea zaidi kwa watafiti McGraw na Warren (2010), wanaosema ili kitu kichekeshe lazima kuwe na kitu kilichokwenda kombo lakini kisicho na madhara. Mchekeshaji yule akiinuka na kujipangusa, ukumbi unalipuka kwa kicheko. Akibaki chini akivuja damu, kicheko kinakatika hapo hapo.

Ila nadharia hizi zinahusu vichekesho. Mwanasayansi Robert Provine, aliyechunguza vicheko vya kila siku, alikuta vingi hufuata maneno ya kawaida kabisa, wala si mzaha.